Haikupungua Hata Sarafu Moja

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na mdogo wangu, na kwamba gereji inaendelea kuwapa riziki. Goti lako linasemaje? Na mama ameacha kubeba ndoo mbili kwa mpigo kama nilivyomsihi, au bado ni mbishi vilevile? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sina hakika nacho, maana kwa wiki hizi mbili kimenizunguka mpaka nimesahau kula.

Nimekuwa mahakamani, baba. Usitishike, sijashtakiwa. Nilitumwa kukagua ofisi ya karani wa mahakama moja ndogo, mahali ambapo watu hulipia faini, ada za kesi na dhamana. Ripoti niliikabidhi jana. Nilichokiandika humo kinaweza kumrudisha mama wa watu nyumbani bila kiinua mgongo chake, naye amebakiza miaka miwili tu astaafu. Na mpaka dakika hii sijui kama nimemtendea wema au nimemchinja. Ndiyo maana nakuandikia.

Kazi yenyewe si ya ajabu, hata wewe gerejini unaifanya. Tunaangalia kama anayepokea pesa siye anayeandika hesabu, na anayeandika siye anayehakiki. Basi. Watu watatu, kila mmoja amchunge mwenzake, na shetani akose pa kuingilia; hiyo ndiyo sisi tunayoiita kinga.

Ofisi ni chumba kirefu chenye feni inayozunguka kwa kusukumwa na huruma ya Mungu. Mafaili yamejaa hadi juu ya makabati. Mbele kuna dirisha la nondo lenye tundu la kupitishia pesa, na nyuma ya dirisha hilo huketi keshia, mama mtu mzima, nadhifu, mwenye maneno matamu, ambaye mahakama nzima humwita Mama Risiti. Siku ya kwanza alinikaribisha vizuri, akaniuliza nimeolewa au bado nawaringia watu, nikacheka, nikampenda palepale. Kosa kubwa kwa mkaguzi, kumpenda mtu kabla ya kuhesabu.

Vituko vikaanza asubuhi hiyohiyo. Mlinzi wa mlangoni, ambaye kazi yake ni kuzuia watu wasiingie na mapanga, alikuwa anawapanga walipaji mstari na kuwaamuru wapange noti zao, ndogo juu, kubwa chini, na wakifika dirishani wataje kiasi kwa sauti. Wasiotaja aliwarudisha nyuma. Kisha nikaona risiti haziandikwi na keshia. Anaziandika tarishi, kijana wa kupeleka barua, ambaye kwa kanuni hatakiwi hata kukishika kitabu cha risiti! Akimaliza kuandika anaisoma kama anatangaza mpira, namba na kiasi, ndipo Mama Risiti anatia sahihi. Na jioni, muhtasari wa mapato ya siku, ambao keshia ndiye wa kuuandika na karani wa kuuhakiki, karani anauandika mwenyewe, kisha anauhakiki mwenyewe. Yaani mtu anajitungia mtihani, anausahihisha, anajipa mia.

Nikaanza kuuliza. Salaale! Mlinzi akasema amri ya kupanga noti ilitoka kwa karani, kwa ajili ya noti bandia. Karani akasema hajawahi kutoa amri kama hiyo, labda mlinzi anapenda ukubwa. Tarishi akasema anaandika risiti kwa sababu Mama Risiti anaumwa mkono. Mama Risiti akasema mkono wake ni mzima kabisa, anamfundisha kazi kijana kwa maagizo ya karani. Karani akasema hajui kama tarishi anaandika risiti, na alisema hivyo huku tarishi akiandika risiti mbele ya pua yake. Nikamuuliza kwa nini yeye anaandika muhtasari, akasema keshia huwahi basi. Nikaenda kumuuliza keshia, akaniambia anaishi nyuma ya mahakama, huenda kwa miguu.

Baba, nilibaki kushika tama. Watu wanne, na hakuna uongo hata mmoja uliofanana na mwenzake. Nikajiambia hapa pana genge, wezi waliozembea kupanga maneno. Nikafunga milango, nikahesabu kila kitu, kasha, vitabu, hati za benki za miaka mitatu. Haikupungua hata sarafu moja. Nikahesabu tena. Kamili. Nakuapia, ningepata upungufu hata wa bei ya kiberiti ningelala usingizi. Kinga zote zimevunjwa na pesa zote zipo, hilo sijawahi kuliona wala kufundishwa. Nikampigia mkuu wangu, akaniambia kwa ufupi kwamba wezi wazuri ndivyo walivyo, niendelee kuchimba.

Nikachimba. Nikamwomba Mama Risiti tuhesabu pesa za kasha pamoja, mimi na yeye peke yetu. Alihesabu kwa vidole upesi kuliko mimi, na noti niliyoichomeka makusudi kwenye bunda lisilo lake aliitoa bila kusita, akanitania kwamba macho yangu yamechoka. Kisha, kwa mazoea tu ya kazi, nikachukua kitabu cha zamani cha risiti, nikafungua katikati, nikampa anisomee namba ili niihakiki. Akapitisha kidole juu ya karatasi, akanisomea namba kwa sauti ya kujiamini. Namba ile haikuwa ya risiti ile. Ilikuwa namba ya risiti inayofuata kwenye kitabu kipya, kile cha dirishani, ambacho hakikuwepo hata mezani pale.

Nilidhani ananidanganya, nikapandwa na hasira. Nikainua uso nimwambie, nikakuta anatabasamu, anaitazama shingo yangu. Shingo, baba, kama vile uso wangu uko hapo. Alikuwa anazibeba namba za risiti kichwani, moja baada ya nyingine, kutwa nzima, siku zote, kwa sababu hakuwa anaona kilichoandikwa.

Nilitoka nikamvuta mlinzi pembeni. Akakana, kisha akainamisha kichwa, akanisihi nisimwambie karani, maana karani hajui, akijua atamfukuza. Nikaenda kwa karani. Akafunga mlango, akaniomba kwa jina la Mungu nisiwaambie mlinzi na tarishi, maana wale midomo haina mlango, habari itafika hadi wizarani. Tarishi ndiye aliyelia. Alisema Mama Risiti alimlipia nauli mwezi wake wote wa kwanza kazini, na kwamba siri ile anaijua yeye tu duniani. Loo! Nilicheka peke yangu koridoni mpaka mwendesha mashtaka mmoja akanitazama vibaya. Kila mmoja alibeba mzigo uleule, kila mmoja kwa kificho, na wakipishana wanaona wenzao ndio wajinga. Kumbe ndiyo kinga iliyozilinda pesa zile. Mwizi angepita wapi, na ofisi nzima inahesabu kwa sauti?

Kisha kicheko kikaniisha, kwa sababu nilikumbuka kuuliza jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake. Nani alimwambia aende hospitali? Hakuna. Nani alimwambia tu kwamba anajua? Hakuna.

Dirisha lilipofungwa nikakaa naye, nikamwambia mwenyewe. Aliikunja na kuikunjua leso yake. Nilitegemea angeniuliza kuhusu kazi. Akaniuliza kama wale watatu wanajua. Nikamjibu kwamba wote wanajua, tena tangu zamani. Hapo ndipo alipoumia, baba. Alisema mwaka wa nne huu anajikaza kama mwizi ndani ya ofisi yake, hathubutu kwenda kwa daktari kwa sababu fomu ya matibabu lazima ipite kwa karani, na kumbe karani alikuwa anajua. Alirudia mara nyingi kwamba hata mmoja, jamani, hata mmoja tu angemwambia.

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari wa macho, mimi na karani. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebakiza mwanga kidogo, na kwa dawa wataulinda huo uliobaki, ila ulioondoka haurudi. Akasema, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba angefika mapema, siku zile alipoanza kugonga gonga pembe za meza, leo angekuwa anasoma. Karani alikaa kwenye benchi la pale nje akashika kichwa. Akaniambia walidhani wanamsitiri.

Niliandika ripoti ya kweli. Nimesema kinga zilivunjwa na nani alizivunja, nimesema hakuna kilichoibwa, nikaambatanisha cheti cha daktari na kuomba ahamishiwe kazi nyingine hadi astaafu. Mkuu wangu ameniambia kazi yangu ni kukagua na si kuombea watu kazi. Majibu hayajatoka. Mama Risiti bado ananipokea vizuri, lakini wale watatu yeye hawasemeshi tena, wala mimi sijui ningekuwa upande gani. Walikuwa wema. Wema wao ndio uliomla macho. Nikiligeuza hili usiku linanitoa jasho, nikiligeuza mchana linanitoa machozi.

Sasa baba, naomba ukae chini, maana hapa ndipo barua yangu ilipokuwa inaelekea, nami nimezunguka mbuyu kurasa zote hizi kwa woga.

Baba, husikii.

Nisamehe, mtoto kumwambia mzazi wake hivi, tena kwa karatasi. Sikukupigia simu kwa sababu simuni hunisikii. Mwezi uliopita nilikuambia nimeibiwa mkoba stendi, ukaniambia vizuri sana mwanangu, hongera, Mungu akuzidishie. Nikasema asante. Mama naye, wageni wakikuuliza jambo, hulirudia kwa sauti kubwa kama anayewagombeza, eti hajaelewa yeye. Mdogo wangu hukuwekea mkono juu ya injini uisikie kwa kiganja hiyo migongano ya ndani, halafu anajidai anataka umfundishe. Yeye ndiye aliyenieleza habari ya lile gari lililorudi nyuma ukiwa umeinama. Lilipiga honi mpaka majirani wakatoka. Akakuvuta shati, nawe ukamchapa kofi kwa kukuchania. Aliniomba nisimwambie mama. Mama ameniomba nisimwambie mdogo wangu. Nami nilikuwa nimejipanga nisimwambie mtu yeyote, niendelee kusema asante kwenye simu.

Sijui ni nini, baba. Huenda ni nta tu, huenda ni kelele za injini za maisha yako yote, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba kuna vinavyotibika na kuna vinavyongoja mpaka visitibike. Jumamosi nakuja. Nimekwisha kuulizia daktari wa masikio na tutaondoka wote asubuhi. Nikasirikie ukitaka, niite mtovu wa adabu mbele ya gereji nzima, nitainamisha kichwa. Ila gari lijalo linaweza lisimkute mdogo wangu karibu na shati lako.

Nisalimie majirani wote na wateja wako wabishi. Nisalimie mdogo wangu, na lile kofi umwombe radhi. Mama msalimie sana, umwambie kwamba umeambiwa, na kwamba sote tulikuwa tunajua. Atalia kidogo, mwache alie. Kisha mwombe akuambie kila ulichokosa kusikia, na umkalie karibu.

Ni mimi binti yako, kifungua mimba wako, nikupendaye.