Jiwe Nililoliacha Nene

Moshi, Jumapili mchana

Dada yangu Upendo,

Shikamoo. Kabla sijauliza hali, acha nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi ninayelala naye chumba kimoja. Nimemdanganya Fundi Eliamani. Sikutumia mdomo. Aliniuliza swali, nikaitikia kwa kichwa, na kule kuitikia kulikuwa uongo.

Afadhali nimelitoa. Sasa niambie, mnaendeleaje huko Mpanda? Mgongo wa Mama umepoa? Mwanao ameanza kutambaa, au bado anajivuta kwa tumbo? Mimi ni mzima na baridi nimeshaizoea. Shangazi ananipikia mtori kila asubuhi, huku akilalamika kwamba sisi Wachagga tuliozaliwa Mpanda tumeharibika, hatujui hata kutofautisha ndizi ya mtori na ya kuchoma. Mimi nala tu.

Uliniuliza kazi yenyewe ikoje. Fundi, ambaye Baba alisoma naye, anatengeneza meza za jikoni na za mapokezi kwa jiwe bandia, jeupe pe. Wakikata tundu la sinki, kipande kinachotoka ndicho anachochongea picha. Ukikishika hivi hivi huoni kitu, ni mabonde na vilima tu. Ukiwasha taa nyuma yake, mtu anatokea! Palipo pembamba mwanga unapita, panakuwa peupe; palipo panene panabaki peusi.

Kazi yangu ni kulikondesha jiwe kabla Fundi hajaanza kuchonga. Linakuja na unene wa milimita kumi na mbili, yeye anataka nne. Nalibandika mezani kwa karatasi yenye gundi pande mbili, kisha nasukuma mashine ya ruta, ile yenye kisu kinachozunguka, juu ya reli mbili, na kila nikipita inakula milimita moja tu. Ukifanya pupa ukala tatu kwa mara moja, jiwe linapata joto, linajikunja au linapasuka kona. Wiki ya kwanza nilipasua mawili. Fundi akasema, "Neema, jiwe halikimbii. Wewe unakimbilia wapi?" Unga wake unaganda kwenye nywele hata nikijifunga kanga mbili, na Mama Rose, anayeng'arisha meza, kila jioni huniuliza leo nimesaga madebe mangapi.

Hiyo nne ilitoka kwa mzungu mmoja mwenye hoteli, aliyemwachia Fundi mfano, picha ya mtoto wake iliyochongwa hivyo hivyo kwenye jiwe. Fundi akaupima, akaandika ukutani kwa chaki: NNE. Tangu siku hiyo ni amri.

Shida ikawa watu wetu. Maharusi wa Kirua Vunjo walitoka weupe kama waliomwagiwa sembe. Mama wa bwana harusi aliwatazama, akasema kwa adabu, "Wamependeza sana. Ni akina nani?" Fundi akailaumu picha. Waliofuata nao walipotoka hivyo hivyo, akailaumu balbu.

Siku moja nikifagia niliokota vipande viwili vyembamba, nikavielekeza dirishani. Kimoja kilipitisha mwanga. Nilipovipandanisha, giza. Nikaelewa kwamba uso mweusi unahitaji jiwe libaki, na sisi tunalimaliza kabla hata ya kuanza kuchonga. Nikaenda kumwambia.

"Fundi..."

"Sema."

"Hakuna."

"Kama hakuna, niletee maji."

Unanijua, Dada. Nikaleta maji.

Ndipo akaja Mzee Ndekirwa, mkulima wa kahawa kutoka Marangu, na picha pekee aliyonayo ya marehemu mkewe, Bibi Anasia, amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe. Ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa Jumamosi, na watoto wote wanakuja nyumbani.

"Mke wangu alikuwa mweusi," alisema. "Mweusi wa kung'aa. Wenzangu walinitania, nikawaambia oeni rangi mnazotaka, mimi ni huyu. Na ile ya maharusi nimeiona, fundi. Ukinitolea Mama mweupe, simchukui. Watoto watauliza, baba, umeoa lini tena?"

Mama Rose alicheka mpaka akadondosha kitambaa. Fundi hakucheka. Mzee alipoondoka alisema, "Hii nayo ikikataliwa, naacha picha. Tutabaki na meza zetu." Na kwenye meza, Dada, hakuna cha kukondesha. Ningerudi Mpanda nikiwa na kikapu changu tu. Tena kipande cha ukubwa ule kilikuwa kimebaki kimoja.

Nikaanza kukikondesha. Kumi na moja, kumi, tisa, nane, saba. Kwenye saba nikazima mashine. Zamani Fundi alipima kila jiwe kwa vernia, ile tuliyopimia gololi maabara shuleni, lakini siku hizi ananiamini, hapimi. Hilo ndilo linaloniuma. Aliuliza akiwa mlangoni, "Nne?" Ndipo nikaitikia kwa kichwa.

Alichonga siku tatu badala ya mbili, akinung'unika kwamba jiwe hili lina kiburi. Anga na majani aliyachimba sana, uso akaugusa kidogo tu. Mimi nilikuwa nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Ijumaa tukamwingiza Mzee stoo, tukafunga mlango, Fundi akawasha taa. Bibi Anasia akatokea, mweusi kabisa, majani yanawaka juu ya kichwa chake. Mzee akavua kofia. Akasogea karibu, akainama kumtazama.

"Mbona amenuna?" akasema.

Fundi akaanza kujieleza.

"Acha, fundi. Ndivyo alivyokuwa akiniangalia nikichelewa kwenye pombe ya mbege." Akacheka huku akijifuta macho. "Aika, fundi! Aika sana, asante. Huyu ndiye mwenyewe."

Fundi akatoa kifua mbele. "Ni kipimo tu, Mzee. Nne. Ukizidisha hata unywele, umeharibu."

Nikatazama viatu vyangu.

Mzee alipotoka kunywa soda na Mama Rose, Fundi akachukua vernia, akabana ukingo wa picha, akasoma. Akaifuta kwa shati, akasoma tena. Nikangoja kufukuzwa. Akairudisha mfukoni, akasema, "Nne," akatoka.

Jana asubuhi akaniwekea jiwe jingine mezani. "Hili la mwalimu mmoja wa Chekereni. Nne. Lakini iwe nne ile ya Mzee Ndekirwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Fundi."

"Haya. Na usizidishe."

Nilicheka ndani ya kanga mpaka miwani ya vumbi ikaingia ukungu. Chaki ya ukutani bado haijafutwa.

Nisalimie Mama, umwambie sweta lake nalivaa. Msalimie Kaka anayesaga mahindi, na yule bibi jirani aliyeniombea siku ya safari. Baba naye mpe shikamoo yangu, lakini msomee yale ya mtori tu. Haya mengine, Dada, tafadhali yabaki kwako. Yeye na Fundi hupigiana simu kila wiki, na Baba hajui kuficha kitu, atamwuliza tu. Na Fundi akiulizwa, itambidi aache kujifanya hajui.

Mdogo wako akupendaye,
Neema