Magadi Yangu Yalichekwa Maabara

Mpendwa mshauri Scolastica, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo pokea salamu za hapa Chita, mimi mzima, mume wangu Beatus mzima, kijana wetu Marselino yuko shamba anapiga mpunga, mama mkwe Balbina miguu inamsumbua ila anakula, ni binti yetu Kandida tu ambaye hayupo, naye ndiye kanifanya nikuandikie.

Naomba msaada, Kandida yuko maabara kule Ifakara, amepanga chumba Lipangalala, anatengeneza kitu kinaitwa bafa, ni maji ya dawa ambayo hata yakidondoshewa tone la asidi ukali wake haubadiliki ovyo, na vipimo vya wenzake vinayategemea, mwaka jana nilimtembelea nikamkuta anadondosha tone, anatazama mashine, anadondosha tena, nikamwambia, "Mwanangu, si uonje tu?" akasema, "Mama we, hii haionjwi!" tukacheka mpaka machozi, basi kicheko kile ndicho nakitamani mpaka leo.

Mavuno haya hajaja, kila nikipiga anasema bafa zimegoma, ukali umezidi, nami kwa uchungu wa mama nikachuja magadi ya majivu, haya tunayolainishia maharage, nikajaza chupa ya soda nikampa kondakta wa basi ampelekee, auzimue huo ukali amalize kazi aje, kumbe wenzake wakamcheka, akaniambia, "Mama, usinitumie tena vitu kazini," na tangu hapo simu anaongea kwa mkato.

Nyumbani kwetu mchele mpya hauliwi mpaka watoto wote wawepo, uko ndani ya gunia na mama mkwe ananung'unika, sasa Beatus anasema Jumapili tumwambie nimelazwa, atakuja mbio, na mimi, Mungu anisamehe, natamani, je, nikubali? Nijibu hewani upesi kabla ya hiyo Jumapili, redio iko jikoni haizimwi.

Mama Kandida, Chita.

*

Marahaba Mama Kandida, miaka nimekuzidi. Pole, na nimecheka, sikufichi. Ila huo uongo, hapana! Mtoto atapanda bodaboda huku analia, afike akukute unapeta mchele? Siku ukiugua kweli nani atamleta? Mwambie Beatus aweke simu chini.

Na Kandida hajakutupa, yuko kazini. Aliona aibu mbele ya wenzake, basi. Mpigie wewe, leo hii. Usianze na mavuno wala bafa. Sema, "Mwanangu, nimekukumbuka. Unapumzika siku gani?" Siku atakayotaja, panda basi na mchele wako, ukapike kwenye jiko lake huko Lipangalala. Lakini kabla hujaondoka mpikie Balbina, mzee hashindishwi njaa kwa ajili ya mtu aliyeko Ifakara.

Akisema wiki hii hana nafasi, usikate simu. Muulize ijayo.