Barafu Ndani ya Trekta la Baba

Jumamosi, Mvumi. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi tukaamka na ukungu na ile baridi ya kutaka sweta na uji. Niliamka na moyo mzito. Mchana alikuwa aje mnunuzi wa vyuma chakavu kuchukua trekta la marehemu baba.

Kaka Ndahani ndiye aliyemwita, na simlaumu. Trekta lenyewe la petroli, kongwe kuliko mimi. Linawaka vizuri, linalima mistari michache, halafu linakohoa na kuzima. Kaka amebadilisha plagi, amesafisha tangi, amechoka. "Injini imekufa, mdogo wangu," aliniambia kwenye simu. "Tusibembeleze maiti."

Lakini lilikuwa hivyo hivyo tangu tukiwa wadogo. Likizima, baba alishuka taratibu akasema limechoka, tuliache lipumue. Mama alikuwa ameshafika ukingoni mwa shamba na birika la chai na viazi vitamu. Tulikaa wote kwenye tuta. Nyumbani baba alikuwa mkali hata kuku walimkwepa, ila pale kwenye tuta alicheka. Chai ikiisha, trekta linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Nilikuwa naliombea lizime.

Wiki hii, ofisini Mtumba, badala ya kufanya kazi ya watu nikawa nasoma mtandaoni habari za matrekta ya aina ile. Kumbe petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta, pale inapochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, huipoza mno, na kukiwa na ukungu, unyevu wa hewa huganda humo na kuziba njia. Ukiliacha kidogo, joto la injini linayeyusha. Barafu, Dodoma hii ya vumbi! Nilicheka peke yangu hadi mwenzangu akauliza kulikoni.

Leo kaka aliliwasha kwa shingo upande. Likalima, likazima. Nikagusa kabureta: ya baridi, imepakwa weupe wa barafu. Kaka naye akagusa.

Matrekta haya huwa na bati lililokunjwa, la kuleta hewa ya moto kutoka kwenye bomba la moshi. Letu halina. Nikawaonyesha kaka na Mama picha yake kwenye simu. Mama akaitazama, akaenda jikoni, akarudi na lile bati linalokinga upepo kwenye mafiga yake. Nimelijua bati hilo maisha yangu yote.

"Baba yenu alilifungua alitengeneze, mimi nikaliazima," alisema. "Nilipotaka kumrudishia akakataa. Akasema likirudi, hiyo mashine haitasimama, na chai yangu atainywa saa ngapi?"

Nilishindwa kumtazama usoni.

Tulilipangusa masizi, tukalifunga kwa waya. Trekta likalima bila kukohoa, na kaka akampigia mnunuzi asije. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikamwona Mama. Amesimama ukingoni na birika, na trekta linampita. Likageuza, likampita tena. Alibadilisha tu mkono wa kushika birika.

Nikamwomba kaka nishike usukani. Nilipofika pale alipo Mama, nikazima injini.

Kaka akaja mbio kutoka upande wa pili, anapiga kelele: limeharibika tena?

Nikamwambia limechoka, tuliache lipumue.