Jumatatu za Bomani na Ng'ombe wa Mama

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, na zaidi ya hapo siwezi kukuhakikishia. Wewe je, umepata usingizi? Umekula? Najua tangu msiba uingie humo ndani watu ni wengi, na wewe ndiye wa kuwapikia na kuwachotea maji. Shemeji mguu umepona? Na watoto, wameelewa kwamba bibi yao hayupo, au bado wanamtafuta asubuhi?

Barua yako ilinifikia Alhamisi kwa mkono wa yule mwenye punda wa chumvi. Niliisoma nimesimama karibu na stesheni. Nilipofika pale uliposema Mama tumemzika, niliikunja, nikaendelea kubeba magunia ya Mwarabu hadi jioni. Nilikuwa sijaelewa. Nilielewa nilipokaa kula.

Umeniuliza, tena kwa hasira, kwa nini sikuja ulipoita mara ya kwanza. Una haki. Barua zangu za nyuma nilizipaka asali, sasa nakueleza yote.

Unawakumbuka ng'ombe watatu ambao marehemu Baba aliwaweka kwa rafiki yake Mgogo, huku Zuzu. Ndivyo wazee walivyofanya, ili njaa moja isiwamalize wote. Mtunzaji anakunywa maziwa, uzao ni wa mwenyewe. Rafiki naye alikwisha kufa, nikamshitaki mwanawe, Chibago, hapa bomani Dodoma. Nilijiona mjanja. Bwana Shauri, yule Mdachi anayekata mashauri yetu, akaamuru ng'ombe waletwe, masikio yakatazamwa. Kila sikio lilikuwa na mkato wa ukoo wa Chibago. Nikasema Baba mwenyewe ndiye aliyeomba wachanjwe hivyo, mwaka ule askari walipokuwa wakikusanya ng'ombe wa faini kwetu, wasije wakajulikana kuwa ni wa mtu wa Kondoa. Karani alicheka.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," akaniambia. "Baba yako aliwaficha vizuri mno. Amekuficha hata wewe."

Nikashindwa. Juu ya kushindwa nikaandikiwa gharama za shauri, na kwa kuwa hapa sina kitu ila shuka langu, ikaamriwa barua iende boma la Kondoa, akamatwe ng'ombe wa nyumbani. Nasi nyumbani tuna mmoja tu, yule mwekundu, ambaye Mama tangu augue alikuwa hapitishi kitu kooni ila maziwa yake.

Hapo nikatafuta njia. Chibago ana shangazi huko Kibakwe, mjane mzee, na marehemu kaka yake, yaani yule rafiki wa Baba, alimpelekea ndama wawili wa ng'ombe wale wale. Hao masikio yao ni mazima. Nikafungua shauri la pili juu ya ndama hao, na yule bibi akatuma neno kwamba atakuja kusema kweli, ila baada ya mavuno. Nikarudi kwa Bwana Shauri kumwomba gharama za shauri la kwanza zisidaiwe mpaka la pili liishe. Nikishinda la pili, nilimwambia, itajulikana kwamba la kwanza lilikosewa, na ng'ombe akishachukuliwa na kuuzwa nani atamrudisha? Bwana Shauri akasema, na karani akatafsiri:

"Gharama zitangoja. Lakini wewe usitoke Dodoma. Kila Jumatatu utakuja barazani, jina lako litaitwa. Siku usipoitika, barua inakwenda Kondoa siku hiyo hiyo."

Dada, nilisema ahsante mara tatu. Nilitoka nikicheka peke yangu, watu wakinitazama.

Wiki hiyo hiyo ndiyo ikaja barua yako ya kwanza: Mama anakuulizia. Kutoka hapa hadi kwetu ni siku tano kwa mguu, kurudi tano. Kwa namna yoyote ile Jumatatu moja ingenipita. Nilimwendea karani, nikamwambia mama yangu mgonjwa. Akasema kila mshitaki aliyeko Dodoma ana mama mgonjwa. Nikawaza, nikienda nitamwona, halafu askari atafika nyuma yangu kumwondolea chakula chake. Nikabaki. Nilijiambia kukaa kwangu huku ndiko kunakomlisha, na kila Jumatatu nilipoitika niliona kama nimemwekea bakuli mkononi.

Sasa barua yako ya pili, chini kabisa, baada ya habari za mazishi, umeandika kama jambo dogo: tangu mwezi uandame maziwa aliyakataa. Alikuwa akiomba maji, na akiomba mimi.

Nimelia, dada, sitakuficha. Nimelia mbele ya wachukuzi wa magunia, watu wasionijua hata jina la ukoo.

Jana alikuja Chibago. Alinisalimu "Mbukwa" kama wanavyosalimiana kwao, akaketi chini bila kungoja kukaribishwa. Alikuwa amebeba kibuyu.

"Nimesikia mama amefariki," akasema. "Kwetu sisi, mwenye ng'ombe akifiwa, anayewatunza humletea maziwa. Haya ni ya ng'ombe wenu."

"Wetu?" nikamwuliza.

"Wenu."

"Mbona barazani ulisema ni wako?"

"Na barazani sitasema vingine, ndugu yangu. Nina watoto sita, na mvua hizi hazieleweki. Hapa nimekuja msibani."

Nilitaka kumtukana. Matusi nilikuwa nayo tele, unanijua. Lakini katika Dodoma nzima huyu ndiye mtu pekee aliyenijia kunipa pole, na alikuwa ametembea tangu Zuzu juani. Nikayanywa yale maziwa. Tulikaa, mshitaki na mshitakiwa, tukipokezana kibuyu mpaka kikaisha.

Baada ya kuondoka kwake nimeamua. Jumatatu nitakwenda barazani niwaambie wasiningoje tena. Gharama wazidai, barua iende. Shauri la Kibakwe litaendelea bila mimi, au halitaendelea. Askari akija kumchukua mwekundu usibishane naye, wala usimfiche mnyama kwa jirani. Tumekwisha kuona kuficha kulikotufikisha. Najua watoto wako ndio wanaokunywa maziwa yake sasa, na kwamba nawapokonya. Nisamehe kwa hilo, maana nimelipima nikijua.

Nisalimie mjomba aliyesimamia kaburi, umwambie nina deni lake la shukrani. Nisalimie shemeji, na mwalimu wa chuoni aliyemsomea Mama Kurani, na yule jirani yetu kiziwi aliyekuwa akimsuka nywele.

Nitaondoka Jumanne. Nikifika msinipikie, wala msiwaite watu. Nishike tu mkono, kama ulivyokuwa ukinishika nilipokuwa mdogo, unipeleke alipolala.

Mimi mdogo wako,
Rajabu