Swali Ambalo Sikuulizwa

Mjukuu wangu Asteria,

Shikamoo yako imenifika huku mlimani, marahaba. Mama yako hajambo, ila maharage yametuangusha tena. Unauliza kama uwakubalie madaktari wa huko Dar wakujaribishie dawa, maana wanatafuta watu wasio na ugonjwa kama wewe.

Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana, daktari alipanda hapa kijijini kutafuta watu wenye afya wa kujaribishia vidonge vya malaria. Alitubonyeza bandama mmoja mmoja, kuona kama imevimba kwa malaria, mimi nikapita. Akauliza, "Anakubali?"

Kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba, basi macho yote yakamgeukia mjomba wangu. Akajibu kwa fahari, "Mzima huyu! Mchukueni."

Nikameza. Masikio yakaanza kuvuma, na la kushoto likafa kabisa. Niliposhuka Morogoro kulalamika, karani wa hospitali alifungua daftari la majaribio yale akasema, "Mbona ulikubali mwenyewe?"

Mjomba alishazikwa. Hasira yangu haikuzikwa naye.

Ukitaka kukubali, kubali; ukitaka kukataa, kataa. Wewe angalau umeulizwa. Mimi nina wajukuu tisa, na mpaka leo sijaulizwa.

Bibi yako,
Kolastika