Mstari Mwekundu Kwenye Bwawa la Meneja

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Chemchemi imekauka. Kemirembe, mke wa mchimba bati, alikuja na wenzake stoo, ninayoitunza tangu nilipostaafu ualimu – shikamoo nyingi kuliko kawaida. Wanaomba maji ya kufulia kwenye bwawa la kuogelea la Meneja. Nimekubali. Meneja yuko Bukoba, sikumwuliza.

Sharti ni moja. Pampu huvuta maji kwenye tundu la ukutani, huyachuja mchangani, huyarudisha bwawani. Yakishuka chini ya tundu, pampu humeza hewa, na mipira yake, ambayo hupozwa na maji hayohayo, huungua. Ndiyo maana mwezi wa sita, bwawa lilipokaushwa, nilichora mstari ukutani, juu kidogo ya tundu. Udongo mwekundu na grisi. Rangi ya mafuta ilikuwepo stoo; niliona uvivu kuandika hati ya kuitoa.

Mstari ukionekana, Desderius, mwendesha pampu, awaambie akina mama waache kuteka, naye asiwashe injini. Hajui kusoma. Mstari hauhitaji kusoma.

Alhamisi, 9 Agosti
Mstari ulichungulia asubuhi. Desderius hakuwasha. Kemirembe akamtania kwamba siku hizi analipwa mshahara wa kukaa kivulini. Kufika jioni mtaro wa mgodini ulikuwa umeleta maji, mstari umezama. Nikafurahi kama siku za kufundisha darasa.

Jumapili, 12 Agosti
Baada ya misa Kemirembe alinishika mkono. Jana walitaka kunishukuru, wakasugua kuta za bwawa kwa majivu na majani makavu ya mgomba.

“Mwalimu, hata ule uchafu mwekundu uliokushinda tumeutoa wote.”

Hawakujua kwamba ni mstari wangu; nikasema asante. Ningefanya nini? Alikuwa anacheka.

Ningekwenda bwawani palepale. Lakini jirani yangu Rwegoshora alikuwa na ubatizo wa mtoto, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva. Nikajiambia: kesho, mapema.

Jumatatu, 13 Agosti
Nilifika saa mbili. Desderius aliwasha saa moja, kwa kuwa Meneja anarudi na wageni. Niliikuta harufu ya mpira kabla sijaiona pampu.

Jana akina mama waliteka na kuteka. Hapakuwa na mstari wa kumfanya Desderius awaambie basi. Desderius naye alitazama ukuta, hakuona mstari, akawasha. Alinitii kabisa! Miaka thelathini ya ualimu, na sikuwaza kumwambia afanye nini mstari wenyewe ukikosekana.

Meneja amefika mchana. Anasema Desderius alilala.

Jumanne, 14 Agosti
Naandika kwenye benchi la ofisi.

Meneja hajui ila Kiingereza, na Desderius hajui ila Kinyambo, lugha ya hapa. Mkalimani ni mimi. Meneja ameuliza kwa nini aliwasha bila maji. Desderius alijibu taratibu, akitaja mstari, udongo, majivu, akina mama, na kwamba Mwalimu ndiye aliyeuchora na ndiye aliyeruhusu watu wateke.

Nikamwambia Meneja: anasema hakuona alama yoyote.

Si uongo. Nikisema yote, bwawa litafungwa, na mvua bado mwezi mzima. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini kazi ya stoo pia ni yangu, na nyumba ya kampuni, na jina.

Meneja amekwenda kuutazama ukuta. Desderius amejisogeza kunipa nafasi kwenye benchi.

“Mwalimu,” ameuliza kwa upole, “mbona jibu langu lilikuwa refu na lako fupi?”

Ananitazama ninavyoandika. Viatu vya Meneja vinarudi kwenye changarawe –