Risasi ya Kongoni kwa Nyati

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Qasim karudi jana, na basi la Tanga. Mbavu zimevunjika, mkono wa kushoto umefungwa. Nimemlaza chumba cha chini asipande ngazi. Hataki kula.

Miaka yote hii ndugu yangu aongoza wageni kuwinda huko Tanzania — huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku hata hatujazaliwa — na kila akirudi mtaa mzima wa Ndia Kuu hujua. Safari hii kaingia kimya, na mfuko wa dawa.

Nyati, ndilo neno alilosema. Alijeruhiwa, akawarudia. Tsuma kafa.

Tsuma! Mfuata nyayo wake, yule wa Kaloleni aliyekuja hapa mwaka jana akamaliza achari yangu ya ndimu. Inna lillahi.

Jumatano, 17 Septemba

Leo kasema kidogo. Nilikuwa jikoni napima viungo, kaja kusimama mlangoni. Nikamuuliza: nyati kwa nini hakufa? Kasema mgeni alimpiga kwa risasi isiyomfaa.

Kwani risasi si risasi?

Akavuta mizani yangu. Akamwaga karafuu mpaka gramu kumi na mbili. Hii ndiyo risasi ya thati-o-siksi, bunduki ya mgeni, asema — kile kichwa kinachoruka, bila ganda wala baruti. Kwa swala, kongoni, pundamilia, yatosha. Hata pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, ukimlenga vizuri. Akaongeza mpaka kumi na tisa. Na hii ndiyo ya tatu-saba-tano, bunduki kubwa. Mkononi huoni tofauti kubwa. Ya pili imezidi unene kidogo tu. Lakini nyati ana ngozi nene na mifupa mikubwa ya bega. Ile nyepesi, tena ya ncha laini, hutanuka mapema ikaishia njiani. Nzito na ngumu huvunja mfupa ikaendelea mpaka moyoni. Sheria ya kule hairuhusu nyati kupigwa kwa ndogo.

"Nawe ulijua?"

"Nilijua, dada."

Akarudi kulala. Karafuu nimezirudisha chupani.

Alhamisi, 18 Septemba

Kanimalizia habari. Mgeni ni rafiki wa tajiri wao mwenye kampuni, Lennox. Bunduki kubwa yampiga teke begani, akaikataa. Asema ndogo aijua, ailenga vizuri, na kulenga ndiko kunakoua. Si uongo, asema Qasim — risasi kubwa ikipata tumbo haifai kitu. Lakini si kwa nyati! Akampigia Lennox simu. Lennox kasema mwache apige, wewe msaidie na yako.

Risasi ya mgeni ilikwama begani. Nyati kaingia kichakani kabla Qasim hajapata nafasi. Wakasubiri, wakafuata damu. Qasim mbele na tatu-saba-tano yake, Tsuma nyuma yake. Nyati kazunguka, katokea nyuma. Qasim alipogeuka Tsuma yuko chini tayari. Kapiga, kapiga tena, na mnyama akamwangukia.

Nilidhani nitalia. Nikaenda kufua.

Jumamosi, 20 Septemba

Lennox kapiga simu. Qasim kaiweka spika, mkono mmoja haumtoshi, basi nimesikia yote. Ataka Qasim aseme hivi: mgeni alitumia tatu-saba-tano. Tsuma alitangulia kichakani bila kuamriwa. Hivyo kampuni itabaki na kibali, na Qasim na chake. Familia ya marehemu "tutaiangalia". Kesho jioni atakuja, afikia kwa rafiki yake mtaani Kizingo, wapatane kabla ya uchunguzi.

Qasim: "Sawa, njoo."

Nikamwambia huyo mwenzako wataka kumzika mara ya pili? Kasema, "Dada, mimi kazi nyingine sijui."

Kweli, hajui. Nimeudhika na kunyamaza kwangu.

Jumapili, 21 Septemba

Kadzo kaja! Mjane wa Tsuma, peke yake, bila kupiga simu. Nimempa mkono wa pole, nimemkalisha sebuleni. Chai hakuitaka. Ameambiwa na watu wa kampuni kwamba mumewe alikaidi amri, akatangulia.

"Mume wangu namjua," asema. "Hapiti mbele ya mwenye bunduki. Nimekuja nisikie kwa kinywa chako, Bwana Qasim."

Qasim kainamisha kichwa. Hata hajajibu — hodi! Lennox, kabla ya wakati wake. Nifanyeje? Nikafungua. Kavua viatu, kamwona mjane, kampa pole kwa Kiswahili safi kabisa, kakaa karibu na Qasim.

Nimekuja jikoni kuchukua maji. Naandika nimesimama, mlango wazi. Lennox asema mambo ya kazi yangoje, leo ni siku ya kumfariji mama. Qasim asema la, hayangoji.

"Mama, Tsuma alikuwa nyuma yangu. Na risasi ya kwanza aliyopigwa yule nyati —"

"Qasim," asema Lennox. Pole pole, kama rafiki. "Fikiri, bwana. Umebakisha msimu mzima wa kazi."

Maji ninayo mkononi, siwezi kuingia.

Sauti ya Kadzo:

"Mwache amalize."